Nafuu ya Saa Moja, na Dhamana ya Mwenye Kutibu

Amma baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema Mtume wake, nataka kuwaandikia ndugu zangu, katika kurasa hizi chache, juu ya jambo tulifanyalo mara kwa mara pasina kulifikiri: kumshurutisha tabibu amtie mgonjwa wetu maji katika mshipa. Swali lenyewe ni hili. Mtu akimtendea mwenzake jambo kwa nia ya rehema, na jambo lile likamdhuru, je, nia yake yatosha kuwa udhuru? Au liko deni jingine juu yake?

Sikuliuliza swali hili kwa kusoma vitabu. Nililiuliza kwa kutahayari, na khabari yake ni hii.

Safari moja nilikuwa katika nchi ya Mbinga, nikiteremka kutoka milima ya Wamatengo kwenda Mbamba Bay, katika pwani ya Ziwa Nyasa iliyo upande wa mkoa wa Ruvuma. Njiani niliona mashamba ambayo sijaona mfano wake kwetu. Mlima ni wa kusimama, na mvua ya huko ni nyingi, na juu ya hayo mlima umelimwa, wala udongo haukuporomoka. Watu wale huita kilimo chao ngoro. Hukata majani wakayapanga kwa mistari ikatayo mistari, kisha huchimba udongo wa katikati wakayafunika. Pakabaki shimo katikati na matuta pande zote, na juu ya matuta wakapanda maharagwe na mahindi. Mvua ikinyesha, maji hutua shimoni, hunywewa na ardhi kidogo kidogo, wala hayapati nguvu ya kuchukua udongo. Nilimwuliza mzee mmoja maana ya taabu ile yote. Akanijibu: "Bwana, mvua ni neema. Lakini mlima hauwezi kuipokea neema yote kwa mara moja."

Nililipenda neno lile, walakin sikulifahamu hatta nilipofika ziwani.

Huko nilimkuta mwenzangu katika biashara, mtu wa Kilwa, amempeleka mwanawe wa miaka miwili katika kituo kimoja cha matibabu. Mtoto alikuwa na homa kali ya malaria, mikono na miguu imekuwa baridi, midomo imepauka, na moyo wapiga mbio. Mwenzangu akamwambia mwuguzi: "Mtundikie maji upesi, mtoto ameishiwa nguvu." Mwuguzi akajibu kwa upole: "Baba, huyu ametindikiwa na damu, si maji. Damu yatafutwa, nayo tutampitishia polepole. Maji ya haraka simtii." Mwenzangu akapandwa na ghadhabu. Nami, badala ya kumtuliza, nikamsaidia kusema. Nilimwambia mwanamke yule kuwa hana huruma, na kwamba lau mtoto angekuwa wa mkubwa, chupa ingekwisha tundikwa. Yeye hakutujibu. Aliendelea kumpima mtoto, kumtazama pumzi, na kumhimiza aliyekwenda kutafuta damu. Damu ikapatikana, ikapita polepole, na mtoto akapona kwa uwezo wa Mungu.

Nilipokwisha rejea kwetu nilianza kuuliza na kusoma, na niliyoyapata ndiyo ninayoyaandika. Kwa kuwa makosa yangu niliyafanya mbele ya watu, yafaa na toba yangu iwe mbele ya watu.

Basi kwanza na tujue kazi ya damu. Kiungo chochote cha mwanadamu hakiishi illa kwa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Oksijeni haiogelei katika damu yenyewe illa kidogo sana. Hupakiwa juu ya kitu chekundu kilichomo ndani ya chembe za damu, nacho chaitwa hemoglobini. Kila gramu moja ya hemoglobini hupakia oksijeni kiasi cha mililita 1.34. Ukitaka kujua oksijeni iliyofika kwenye ubongo na mafigo, tazama mambo matatu: moyo wasukuma damu kiasi gani kwa dakika, hemoglobini ni kiasi gani katika damu ile, na mapafu yameipakia sawasawa au hayakuipakia. Likipungua moja, hayo mawili hayana budi kuongezeka, ama sivyo mwili hupungukiwa.

Pili, na tujue maji yatiwayo mshipani. Yako maji ya chumvi, nayo baada ya muda mfupi sehemu kubwa yake hutoka mishipani ikaenea katika nyama. Na yako maji ya namna nyingine yaitwayo koloidi, ambayo ndani yake mna chembe kubwa zisizopenya upesi kuta za mishipa, kama albumini itolewayo katika damu ya watu, au wanga uliotengenezwa, au jelatini. Chembe hizi huyashika maji yakakaa mishipani. Matabibu waliyapendelea haya kwa hoja iliyo wazi: mshipa ukijaa, damu hurejea moyoni kwa wingi, moyo ukijaa hunyoshwa, na ukinyoshwa hupiga kwa nguvu zaidi, mfano wa upinde uliovutwa. Hayo ni kweli. Lakini upinde una kadiri yake. Ukiisha kuvutwa hatta mwisho, kuuvuta zaidi hakuupeleki mshale mbele, na upinde wenye ufa huvunjika. Moyo uliodhoofishwa na sumu ya maradhi ni upinde wenye ufa.

Sasa tufanye hisabu, kwani hisabu haina upendeleo. Mtoto wa kilo 10 ana damu kiasi cha mililita 800. Tuseme malaria imemla chembe za damu hatta hemoglobini yake ni gramu 5 katika kila mililita 100; jumla yake mwilini ni gramu 40. Tumtie mililita 200 za koloidi kwa saa moja, na tukadiri kuwa zote zimebaki mishipani, kama sifa yake inavyosema. Damu imekuwa mililita 1,000, lakini hemoglobini ni zile zile gramu 40. Yaani sasa ni gramu 4 katika kila mililita 100. Mzigo wa oksijeni katika kiasi kile kile cha damu umepungua kwa sehemu moja katika tano. Ili mwili upate oksijeni ile ile ya kwanza, si zaidi, moyo hauna budi kusukuma damu zaidi kwa robo nzima. Nao ni moyo gani huo? Ni moyo uliokuwa ukienda mbio tangu mwanzo kwa kuwa hauna akiba.

Watu wa pwani watanifahamu nikisema hivi: hemoglobini ni majahazi, na maji ni bahari. Bahari ikikauka, majahazi hukwama, na hapo maji ni dawa. Lakini shehena ikikosekana bandarini kwa kuwa majahazi yamezama, kuongeza bahari si kuongeza majahazi. Na zingatia ajabu hii: kadiri koloidi inavyosifiwa kuwa yakaa mishipani, ndivyo inavyozidi kuichujisha damu. Sifa yake na aibu yake ni kitu kimoja.

Huenda mtu akasema: "Hii ni hisabu ya karatasi, watu hawafi kwa hisabu." Twamjibu: umesema kweli, na kwa sababu hiyo jambo hili lilipimwa, wala halikupimwa Ulaya, bali hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2009 hatta mwanzo wa mwaka 2011 matabibu wa Kenya, Uganda na Tanganyika ya zamani, yaani Tanzania, wakiongozwa na Bibi Kathryn Maitland wa Kilifi, waliwaangalia watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Hospitali zilikuwa sita: Kilifi upande wa Kenya; Mulago, Mbale, Soroti na Lacor upande wa Uganda; na kwetu ni Muheza, karibu na Tanga. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, na thuluthi hivi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Waligawanywa kwa kura mafungu matatu. Fungu la kwanza walitiwa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu hawakutiwa maji ya haraka, bali maji ya kadiri ya haja ya kila siku. Wote walipewa dawa zao, na aliyestahiki damu alipewa damu. Watoto wenye kuharisha hawakuingizwa, wala walioungua, wala waliojeruhiwa, kwani hao khabari yao ni nyingine.

Kila mtu alidhani atajua jibu kabla ya kuliona. Baada ya siku mbili waliokufa katika fungu la albumini walikuwa 111 katika 1,050; katika fungu la maji ya chumvi 110 katika 1,047; na katika fungu lisilotiwa maji ya haraka 76 katika 1,044. Yaani katika kila watoto 100, maji ya haraka yaliondoka na watatu zaidi. Wasimamizi waliowekwa kuichungua kazi ile walishauri isimamishwe kabla ya kutimia idadi iliyokusudiwa, na khabari ikatangazwa ulimwenguni mwaka ule ule wa 2011.

Ndugu msomaji, silo hilo lililonishtua zaidi. Lililonishtua ni lile lililotangazwa mwaka 2013, walipozirejea daftari zao. Saa moja baada ya kuanza, dalili mbaya zilikuwa zimewaondoka watoto 43 katika kila 100 waliotiwa maji ya haraka, na 32 tu katika kila 100 wasiotiwa. Yaani aliyesimama kando ya kitanda kwa saa moja aliona kwa macho yake kuwa maji yafaa: mkono umepata joto, mshipa wapiga vizuri, mama ameacha kulia. Kisha, baada ya saa ile, watoto wakaanza kuanguka. Wala wengi hawakufa kwa kujaa maji mapafuni au kichwani, kama ilivyokhofiwa. Tofauti kubwa ilikuwa katika wale ambao moyo na mzunguko wa damu vilizimika. Uchunguzi wa daftari zile zile uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa maji ya haraka yalipunguza hemoglobini, yakaizidisha damu ukali wa asidi, na yakaharibu pumzi na fahamu. Hisabu ya karatasi ilikuwa imesema kweli.

Wala si watoto peke yao. Huko Lusaka, Zambia, watu wazima 209 wenye maradhi yaliyoenea katika damu na mshipa uliolegea walipimwa vivyo hivyo, na khabari yao ikatoka mwaka 2017: waliotiwa maji mengi kwa kanuni ya haraka walikufa 48 katika kila 100, na waliotibiwa kwa dasturi ya hospitali 33 katika kila 100. Na hatta damu yenyewe ina kadiri yake. Katika Malawi, ng'ambo ya ziwa lile lile nililosimama kando yake, na katika Uganda, watoto zaidi ya 3,000 walipimwa, na mwaka 2019 ikadhihiri kuwa asiye na homa alifaidika kwa damu nyingi zaidi, na mwenye homa alisalimika zaidi kwa damu kidogo. Neno la mzee wa Mbinga lilinirejea: mlima hauwezi kuipokea neema yote kwa mara moja.

Sasa turudi katika swali letu.

Jambo la kwanza ni nia. Twajua sote kuwa amali hupimwa kwa nia, na aliyetia maji kwa huruma, naye amefuata ilimu ya wakati wake, hana dhambi. Wanazuoni wetu wa fiqhi waliliweka jambo hili sawa zamani: tabibu ajuaye kazi yake, akatibu kwa idhini na kwa njia ya wenye ilimu, hana dhamana likitokea la kutokea, lakini ajitiaye katika utabibu naye si tabibu, dhamana ni juu yake, hatta kama alikusudia kheri. Angalia basi hukumu hii imewekwa juu ya nini. Haikuwekwa juu ya huruma, kwani huenda wote wawili wana huruma sawa. Imewekwa juu ya ilimu. Nia humwokoa mtenda na lawama ya kukusudia shari. Haimwokoi mgonjwa na shari yenyewe. Na atakaye kumponya mgonjwa, sharti ajali lile litakalomfika mgonjwa, si lile litakaloandikwa kwake yeye peke yake.

Hapo ndipo nilipojihukumu. Mimi na mwenzangu hatukuwa matabibu, lakini tulitaka kumwamrisha aliye tabibu. Tulichukua cheo cha mwenye ilimu bila ya kuchukua dhamana yake. Lau mwuguzi yule angetukhofu akatia maji, na mtoto akafa, nani angebeba? Sisi tungesema ni amri ya Mungu, kisha tungesema hospitali haifai.

Jambo la pili ni kujaribu. Najua wako watakaosema: "Watoto wetu wamefanywa vitu vya kupigiwa kura! Ni halali hiyo?" Neno hili si la kudharauliwa, kwani historia ya wenye nguvu na wanyonge ina aibu nyingi. Lakini na tulipime kwa insafu. Kabla ya mwaka 2009 zilikuwako kanuni za tiba zilizosema watoto kama wale watiwe maji haraka, na wako waliotiwa. Hilo nalo lilikuwa jaribio, ila halikuwa na daftari, wala fungu la kulinganisha, wala msimamizi wa kusema acheni. Mtoto alikufa, akazikwa, na chupa ikatundikwa kwa mwingine. Kati ya kutenda usilolijua pasina kuhisabu, na kutenda ukihisabu, ukijiwekea mtu wa kukuzuia, lipi lililo karibu na uaminifu?

Na juu ya hayo, sisemi kuwa hapana deni. Wazazi waliombwa ridhaa. Na pale ambapo hali ya mtoto haikungoja karatasi, walikubali kwa mdomo kwanza na maandishi yakaja baadaye. Mzazi aliye katika fazaa husikia nusu ya aambiwayo. Nami nimefanya hisabu nyingine: katika watoto 2,097 waliotiwa maji ya haraka walikufa 221, lau wangekufa kwa kadiri ya fungu la tatu wangekuwa kama 153. Basi watoto kama 68 walikwenda na ilimu hii. Hapana ajuaye ni wepi katika wale 221, wala mama zao hawajui. Mtu akisema hilo ni jambo dogo, hakuna huruma moyoni mwake. Na mtu akisema basi isingepimwa, amewaacha wengine wasio na idadi waendelee kufa bila hatta kuhisabiwa. Deni la wale 68 halilipwi kwa kulaani, wala kwa kusifu. Hulipwa kwa kuitumia ilimu waliyotuachia.

Jambo la tatu, basi, ni wajibu wetu baada ya kujua. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha kanuni zake mwaka 2016: mtoto mwenye homa aliye na dalili moja au mbili tu za damu kutofika viungoni asitiwe maji ya haraka, aliye na dalili zote atiwe kwa kiasi na kwa taratibu, na mwenye upungufu mkubwa wa damu apewe damu mapema iwezekanavyo. Na sisi tulio nje ya hospitali tuna kazi tatu.

Kwanza, tusimlazimishe tabibu wala mwuguzi kutundika chupa ili nyoyo zetu zitulie. Chupa iliyotundikwa huonekana, na kungoja hakuonekani. Lakini mgonjwa haponi kwa kuonekana. Pili, tutoe damu. Yule mtoto wa Mbamba Bay hakuokolewa na kelele zetu, bali na damu ya mtu ambaye hatta leo simjui. Mwanamume mwenye afya apigaye kelele kwa ajili ya maji, naye hajatoa damu yake, ameomba bahari na ameficha jahazi. Tatu, tusikosee upande wa pili. Asiseme mtu: "Nimesoma kuwa maji huua," kisha akamzuia mgonjwa wa kipindupindu, au mwenye kuharisha, au aliyetokwa na damu nyingi. Hao bahari yao imekauka, na kuwanyima maji ni kuwaua. Ilimu si kugeuza ndiyo kuwa siyo; ilimu ni kujua mahali pa kila moja.

Khatima ya maneno yangu ni hii. Tendo la rehema halimaliziki kwenye mkono wa mtenda. Lina saa ya kwanza, ambayo kila mtu huiona na kuisifu, na lina siku ya pili, ambayo hatuiangalii kwa kuwa tumekwisha kwenda zetu tukiwa radhi na nafsi zetu. Sadaka ina siku yake ya pili, na nasaha ina siku yake ya pili, na hukumu ya kadhi, na bakora ya mwalimu. Asiyerejea kuitazama siku ya pili hajui kama alirehemu au alidhuru. Ajualo ni kwamba yeye alijisikia vizuri. Na kujisikia vizuri ni nafuu ya saa moja.

Mwuguzi yule wa ziwani sikupata kumwomba radhi. Nilipokuja kufahamu, nilikuwa mbali. Kama karatasi hii itafika mikononi mwake, basi na ajue kuwa yule bwana mgeni aliyemwambia hana huruma amekiri kuwa, siku ile katika chumba kile, mwenye huruma alikuwa ni yeye.

Wallahu aalam.